Kufungua kampuni ya kimataifa Morisi: hesabu, hatua, na mahali watu wanapokwama

Kabla hujamlipa mwanasheria au wakala hata senti moja, chukua karatasi upige hesabu hii. Kampuni yako ya Kampala imepata faida, imelipa kodi ya kampuni ya 30%, na imebaki na dola 100,000 za kumgawia mwenye hisa aliye nje ya Uganda. Sheria ya ndani inakata kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla fedha hazijamfikia mpokeaji, ya 15% kwenye gawio, yaani dola 15,000. Mwenye hisa huyo akiwa kampuni ya Morisi inayotambulika chini ya mkataba wa kodi wa Uganda na Morisi wa 2003, kiwango kinashuka hadi 10%. Zinakatwa dola 10,000, umeokoa 5,000.

Sasa geuza karatasi. Kwa mujibu wa mwongozo wa Tume ya Huduma za Fedha, FSC, inayosimamia sekta hiyo Morisi, kampuni iliyoanzishwa kushikilia hisa tu inatazamiwa kutumia kama dola 12,000 kwa mwaka ndani ya kisiwa: ada, wakurugenzi, mhasibu, mkaguzi. Ukiokoa senti tano katika kila dola ya gawio, unahitaji gawio la dola 240,000 kila mwaka ili urudishe gharama hizo tu. Chini ya hapo, kwa upande wa kodi ya zuio peke yake, kampuni ya Morisi ni hasara yenye cheti kizuri. Wapo wanaoingia bila kuifanya hesabu hii, na mwaka wa pili wanaanza kukwepa ankara za mkaguzi.

Morisi inafaa kwa sababu nyingine pia, na mara nyingi hizo ndizo zenye uzito. Wawekezaji kutoka nchi tatu au nne wanaotaka kuweka mtaji pamoja na kuingia Afrika Mashariki wanapata mahali ambapo hakuna hata mmoja wao aliye nyumbani. Sheria ya kisiwa imesukwa kwa nyuzi mbili, ya Kifaransa na ya Kiingereza, na rufaa ya mwisho huenda Baraza la Faragha jijini London. Vizuizi vya fedha za kigeni viliondolewa katika miaka ya 1990, kwa hiyo dola inaingia na kutoka bila kuomba kibali. Hakuna kodi kwenye faida ya kuuza hisa, na kampuni ya kimataifa ikimlipa mwenye hisa gawio hakuna kodi ya zuio. Nchi iliyopata uhuru 12 Machi 1968 ikitegemea miwa ilifungua maeneo ya viwanda vya kuuza nje mwaka 1970, ikatunga sheria ya biashara za nje ya nchi mwaka 1992, na tangu hapo imejenga kada ya wahasibu, wanasheria na mabenki wanaoishi kwa kazi hiyo.

Anza na nchi yako, kisha kisiwa

Mkataba wa kodi hufanya kazi kwa nchi mbili zilizoutia saini na kuanza kuutumia. Watu husikia kwamba Morisi ina mikataba zaidi ya 40, wakadhani na ya kwao imo.

Tanzania haimo. Mikataba ya kodi ya Tanzania ni na Kanada, Denmark, Finland, India, Italia, Norway, Afrika Kusini, Sweden na Zambia. Gawio kutoka Dar es Salaam kwenda Morisi linakatwa 10% ileile ambayo lingekatwa likienda kwa mtu yeyote asiye mkaazi, na huduma zinazolipwa nje zinakatwa 15% kama kawaida. Mwekezaji wa Tanzania anayepitia Morisi afanye hivyo kwa ajili ya kukusanya wawekezaji, au kwa ajili ya mkataba wa kulinda uwekezaji ambao nchi hizi mbili zilisaini 2009. Atakayekwambia utapunguza kodi ya zuio ya Tanzania kwa njia hiyo, mwombe akuonyeshe kifungu.

Kenya ina historia ya kukumbukwa. Mkataba wa 2012 ulibatilishwa na Mahakama Kuu jijini Nairobi Machi 2019, kwa kuwa haukupelekwa bungeni jinsi sheria inavyotaka. Mwezi uliofuata nchi hizo mbili zikasaini mwingine. Kusaini ni hatua ya kwanza tu. Mkataba huanza kukupa haki pale kila upande unapokamilisha taratibu zake na kuarifiana. Mwombe mshauri wako barua inayosema mkataba unatumika kuanzia tarehe gani, na notisi yake katika gazeti la serikali. Akikupa nakala yenye saini bila tarehe ya kuanza kutumika, usijenge chochote juu yake.

Rwanda ina mkataba mpya wa 2013 uliochukua nafasi ya ule wa 2001. Burundi haina. Wenzetu wa Lubumbashi, Goma na Bukavu wawe macho zaidi: jina “Congo” katika orodha ya mikataba ya Morisi ni Congo ya Brazzaville. Kinshasa haimo.

Na mkataba uliopo leo unaweza kuondoka kesho. Zambia na Senegali zilijitoa katika mikataba yao na Morisi kufikia 2020. India, iliyokuwa chanzo kikubwa cha biashara ya kisiwa hiki, ilibadilisha wake 2016, na hisa zilizonunuliwa kuanzia 1 Aprili 2017 zikaanza kutozwa kodi India zinapouzwa. Mpango unaosimama kwa sababu ya mkataba mmoja tu ni nyumba ya nguzo moja.

Aina ya kampuni

Zamani kulikuwa na leseni za daraja la kwanza na la pili. Zilifutwa kwa sheria ya 2018, na kipindi cha mpito kiliisha 30 Juni 2021. Ukisoma tangazo la mtandaoni linalokuuzia “GBC 2”, yaani leseni hiyo ya daraja la pili, funga ukurasa huo.

Leo kuna njia mbili kuu. Ya kwanza ni kampuni yenye Leseni ya Biashara ya Kimataifa, inayotolewa na Tume ya Huduma za Fedha, FSC. Hii ni mkaazi wa Morisi kikodi, inalipa kodi huko, na inaweza kuomba hati ya ukaazi wa kikodi ili itumie mikataba. Ya pili ni kampuni iliyoidhinishwa, ambayo uendeshaji wake mkuu uko nje ya Morisi. Hii haihesabiwi kuwa mkaazi, hailipi kodi Morisi kwa mapato ya nje, na haina haki ya mkataba wowote. Ni rahisi kuitunza, lakini usipoangalia itakuwa mkaazi wa nchi unakokaa wewe, kwa kuwa maamuzi yanafanyika huko.

Kampuni ya kawaida ya ndani haikufai kama wenye hisa wengi si raia wa Morisi na biashara yenyewe iko nje ya kisiwa. Hapo sheria inakulazimisha kuomba leseni ya kimataifa. Kwa mifuko ya uwekezaji kuna maumbo mengine, ikiwemo kampuni ya mtaji unaobadilika iliyoanzishwa kwa sheria ya 2022. Hayo yanahitaji mwongozo wake.

Kampuni ya usimamizi

Huwezi kupeleka maombi mwenyewe. Sheria inataka maombi yapitie kampuni ya usimamizi yenye leseni ya FSC, na kampuni yako ibaki chini ya uangalizi wake maisha yake yote. Hiyo ndiyo itakayokupa ofisi iliyosajiliwa, katibu, wakurugenzi wakaazi na mhasibu. Nyingi ziko Port Louis na Ebène.

Kwanza hakikisha jina lake limo katika rejista ya FSC, inayopatikana kwenye tovuti ya tume. Kisha omba bei ikiwa imevunjwavunjwa: kuanzisha, ada ya serikali, wakurugenzi, katibu, uhasibu, mkaguzi, kufungua akaunti, kila kikao cha bodi, kila malipo ya benki, na saa za kazi nje ya mkataba. Fungu hili la mwisho ndilo linalochoma. Bei ya kuanzia huwa nafuu kwa makusudi, halafu kila barua pepe inahesabiwa dakika. Uliza pia bei ya kuondoka, yaani kuhamishia kampuni yako kwa msimamizi mwingine, na uandikiwe. Uliza kila mkurugenzi watakayekupa yuko katika bodi ngapi. Aliye katika bodi mia mbili hatasoma mkataba wako.

Faili la utambulisho

Hapa ndipo maombi ya watu wa Afrika Mashariki hukaa muda mrefu kuliko yanavyostahili, na sababu ni ndogondogo.

Kila mwenye hisa, mkurugenzi na mmiliki manufaa (mtu anayefaidika na kampuni mwishoni, hata kama hisa ziko kwa jina la mwingine) anatakiwa kutoa nakala ya pasipoti iliyothibitishwa, uthibitisho wa anwani ya makazi usiozidi miezi mitatu, barua ya benki, wasifu wa kazi, na maelezo ya chanzo cha mali.

Tatizo la kwanza ni anwani. Wasimamizi wa Morisi wanataka bili ya umeme au maji yenye jina lako na nyumba unayoishi. Sisi tunanunua umeme kwa LUKU au tokeni, hakuna bili, na taarifa ya benki inaandikwa S.L.P. Sanduku la posta halikubaliwi kama makazi. Nenda benki mapema, uombe wabadilishe kumbukumbu zako ziwe na mtaa, namba ya nyumba na postikodi, kisha subiri taarifa ya mwezi unaofuata itoke na anwani hiyo. Mkataba wa pango uliothibitishwa na wakili husaidia ukiambatana na taarifa hiyo. Barua ya serikali ya mtaa peke yake mara nyingi hurudishwa.

La pili ni majina. Pasipoti inasema Mohamed Said Ali, kitambulisho cha taifa Mohammed Saidi Ally, na cheti cha kampuni M. S. Ali. Kwetu tunajua ni mtu mmoja. Mashine ya kuchuja majina haijui, na afisa hatasaini. Andaa kiapo mbele ya wakili kinachotaja tahajia zote na kusema ni za mtu huyohuyo, ukiweke kwenye faili kabla hujaulizwa.

La tatu ni mhuri. Anayethibitisha nakala aandike kwamba ameiona hati halisi, na kwa picha aseme inafanana na mwenyewe. Aandike jina lake kamili, cheo, namba ya usajili wa uwakili, simu, na tarehe. Mhuri mtupu wenye saini isiyosomeka unarudishwa. Hati ya Kiswahili itafsiriwe Kiingereza au Kifaransa na mfasiri anayetambulika, tafsiri ifungwe pamoja na asili.

La nne, na zito kuliko yote, ni chanzo cha fedha. Kuna maswali mawili na watu huyajibu kama moja. Chanzo cha mali ni jinsi ulivyopata utajiri wako kwa ujumla: miaka 15 ya duka la vipuri, urithi, mshahara. Chanzo cha fedha ni hizi dola 80,000 unazotuma sasa zimetoka wapi. Kama ziliuzwa ekari za shamba, weka mkataba wa mauzo, nakala ya hati, stakabadhi ya kodi ya mauzo hayo, na taarifa ya benki inayoonyesha fedha zikiingia. Kama uliuza kwa fedha taslimu ukaziweka nyumbani, hakuna barua itakayoziokoa. Bora ukubali mapema kwamba fedha hizo hazitapita, utafute nyingine zenye njia inayoonekana.

Ugumu huu una historia. Februari 2020 kikosi cha kimataifa kinachopambana na utakasishaji fedha kiliiweka Morisi kwenye orodha yake ya kijivu, ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, Umoja wa Ulaya ukafuata Oktoba mwaka huo, na kisiwa hakikutoka katika orodha ya kikosi hicho hadi Oktoba 2021. Hawataki kurudi. Upande wetu, Tanzania iliwekwa Oktoba 2022 na kutolewa Juni 2025, Uganda ilitoka Februari 2024, na mwezi huohuo Kenya ikaingia. Nchi ikiwa kwenye orodha hiyo, mteja wake anaulizwa maswali ya ziada hata akiwa mtu safi.

Maombi na benki

Jina huhifadhiwa kwa msajili wa kampuni; andaa matatu. Katiba ya kampuni huandikwa na msimamizi, lakini soma vifungu vya kuhamisha hisa na vya nani anateua wakurugenzi, maana ugomvi wa wabia huanzia hapo. Mpango wa biashara uwe na makadirio ya miaka mitatu na useme waziwazi: fedha zinatoka kwa nani, zinakwenda nchi gani, kwa mkataba gani, na kazi ipi inafanyika Morisi. “Uwekezaji barani Afrika” si maelezo. “Kushikilia 70% ya hisa za kiwanda cha kusindika maziwa Mbarara na kukikopesha mtaji wa mashine” ni maelezo.

Leseni ikitoka, wengi hushangilia mapema. Akaunti ya benki huchukua muda mrefu kuliko leseni, kwa kuwa benki inaanza uchunguzi wake upya. Kampuni lazima iwe na akaunti yake kuu Morisi wakati wote, kwa hiyo mpango wa “tutafungua Dubai kwanza” unavunja sharti la leseni. Zipo benki zenye uhusiano na kanda yetu; Bank One, kwa mfano, inamilikiwa kwa ubia wa CIEL ya Morisi na kundi la I&M la Kenya. Hiyo haipunguzi maswali, lakini afisa atajua KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, ni nani na cheti cha BRELA, msajili wa kampuni wa Tanzania, kinafananaje.

Benki itauliza makadirio ya malipo ya kuingia na kutoka kwa mwezi. Andika ukweli. Ukiandika dola 20,000 halafu mwezi wa tatu ziingie 400,000 bila taarifa, malipo yanazuiliwa mpaka upeleke mikataba, na muuzaji wako wa China hatasubiri.

Maamuzi yafanyike Morisi

Haya ndiyo moyo wa jambo lote. FSC inapotazama kama kampuni inaongozwa kutoka Morisi, inaangalia kwamba ina angalau wakurugenzi wawili wakaazi wenye uwezo wa kweli, vikao vya bodi vina wakurugenzi wasiopungua wawili kutoka Morisi, akaunti kuu iko huko, vitabu vya hesabu viko kwenye ofisi iliyosajiliwa huko, na hesabu zinaandaliwa na kukaguliwa huko. Juu ya hayo, kazi inayoleta mapato ifanyike Morisi au kutoka Morisi, kwa watu na matumizi yanayolingana na ukubwa wake.

Tazama jinsi inavyoharibika. Jumatatu mwenye kampuni, akiwa Arusha, anaandika barua pepe: “Nimeshakubaliana na muuzaji, dola 310,000. Tengenezeni muhtasari wa kikao wa Ijumaa iliyopita, wakurugenzi wasaini.” Mistari miwili tu, lakini imebeba makosa matatu. Uamuzi umefanyika Arusha. Wakurugenzi wamegeuzwa mihuri. Na muhtasari una tarehe ya uongo, ambalo ni kosa peke yake. TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, ikipata barua hiyo wakati wa ukaguzi, na hupata, kwa kuwa kompyuta iko Arusha, inasema kampuni hii inaendeshwa kutoka Tanzania. Sheria ya kodi ya mapato ya Tanzania huihesabu kampuni kuwa mkaazi kama uongozi na udhibiti wake umefanyika nchini wakati wowote ndani ya mwaka. Kenya nayo ina kigezo cha namna hiyo. Mapato yote ya kampuni yanavutwa nyumbani, pamoja na faini.

Njia sahihi haina ugumu, inahitaji subira ya siku chache. Mwenye hisa au meneja wa mradi anapeleka pendekezo: bei, tathmini, rasimu ya mkataba, hatari zake. Wakurugenzi wanapewa nyaraka siku kadhaa kabla. Kikao kinaitishwa Port Louis, mwenyekiti akiwa hapo. Walio nje wanaweza kuungana kwa video. Kumbuka Morisi iko saa moja mbele yetu, saa tatu asubuhi kwao ni saa mbili asubuhi Nairobi na Dar, na muhtasari uandike saa ya Morisi. Muhtasari uonyeshe nani aliuliza nini. Kama mkurugenzi mkaazi alihoji riba ya mkopo na ikashushwa, iandikwe. Akikataa kusaini mpaka aone tathmini ya ardhi, usikasirike: kukataa kwake ndiko kunakothibitisha kwamba bodi inafanya kazi. Ndipo mkataba usainiwe, na usainiwe na mkurugenzi wa Morisi.

Kodi ya kisiwa chenyewe

Kiwango cha kodi ya kampuni ni 15%. Asilimia tatu inayotangazwa kila mahali inatokana na msamaha wa 80% kwa mapato ya aina fulani tu: gawio la nje, riba, faida ya tawi la nje, ukodishaji wa meli na ndege, na mengine machache, tena kwa sharti la shughuli halisi kisiwani. 20% inayobaki ikitozwa 15% unapata 3%. Ada za ushauri na huduma za kawaida hazimo. Mshauri wa kompyuta anayehamishia ankara zake Morisi analipa 15% kamili, na wengi hugundua hivyo baada ya mwaka wa kwanza kufungwa.

Biashara ya bidhaa ina njia yake. Kampuni inayonunua na kuuza kwa jina lake yenyewe, mzigo ukitoka moja kwa moja kwa msafirishaji hadi kwa mnunuzi wa mwisho bila kutua Morisi, inahesabiwa kuwa inauza nje na hutozwa 3%.

Kwa gawio kuna uchaguzi ambao mhasibu mzembe huusahau. Unaweza kuchukua msamaha wa 80%, au badala yake kudai nafuu ya kodi iliyolipwa nje, lakini si vyote viwili kwenye pato lilelile. Rudi kwenye mfano wa Kampala. Ukichukua msamaha, dola 100,000 zinaacha 20,000 za kutozwa, na kodi ni dola 3,000. Ukidai nafuu, na ukiwa na angalau 5% ya hisa, unahesabu pia kodi ya kampuni iliyolipwa Uganda. Faida iliyozaa gawio hilo ilikuwa dola 142,857. Kodi ya Morisi kwa 15% ni 21,429. Kodi iliyokwisha kulipwa Uganda ni 42,857 pamoja na zuio la 10,000. Kodi ya Morisi inamezwa yote, unalipa sifuri. Unachohitaji ni cheti cha zuio na ushahidi wa kodi ya kampuni kutoka URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, kwa hiyo viombe mwaka huohuo. Kuvitafuta baada ya miaka mitatu ni mateso.

Tangu 2024 kampuni yenye mauzo ya zaidi ya rupia milioni 50 za Morisi kwa mwaka huchangia pia 2% ya mapato yake yanayotozwa kodi kwa ajili ya mabadiliko ya tabianchi. Na kundi la kimataifa lenye mapato ya euro milioni 750 na kuendelea liko chini ya kanuni za kiwango cha chini cha 15%. Hilo halimhusu msomaji wa kawaida.

Hati ya ukaazi wa kikodi huombwa kwa mamlaka ya mapato, MRA, na hudumu mwaka mmoja. Bila hati ya mwaka husika, URA haitakupa 10%. Hata ukiwa nayo, sheria ya Uganda inamnyima nafuu ya mkataba mpokeaji asiye mmiliki halisi wa pato au asiye na shughuli za kiuchumi kule anakodai ukaazi.

Angalia kalenda kabla ya kuchagua mwisho wa mwaka wa hesabu. Hesabu zilizokaguliwa huwasilishwa FSC ndani ya miezi sita, na ritani ya kodi MRA ndani ya miezi sita. Ukichagua 31 Desemba, vyote viwili vinaangukia 30 Juni, siku ileile ambayo mwaka wa ada ya leseni unageuka, na ambayo mkaguzi wako ana foleni ya wateja wenye tarehe hiyohiyo. Tarehe ya 31 Machi au 30 Septemba inakupa nafasi ya kupumua, kama kampuni tanzu zako zinaruhusu.

Unachodaiwa nyumbani

Kampuni ya Morisi haimfichi mtu. Kisiwa kinabadilishana taarifa za akaunti na nchi nyingine tangu 2018. Mkaazi wa Tanzania au Uganda hutozwa kodi kwa mapato yake ya dunia nzima, na sheria ya Tanzania ina vifungu vinavyoweza kumtoza mwenye kampuni ya nje anayoidhibiti hata kabla gawio halijatolewa. Kupeleka mtaji nje kufuate kanuni za fedha za kigeni za Benki Kuu.

Mikopo kutoka Morisi kwenda kampuni tanzu ina dari. Tanzania inakubali riba kwa uwiano wa deni 70 kwa mtaji 30 pale kampuni inapodhibitiwa kutoka nje. Kenya na Uganda zinatumia 30% ya faida kabla ya riba, kodi na uchakavu. Riba na ada za usimamizi ziwe kwa bei ya soko, zenye nyaraka.

Na kuuza hisa za kampuni ya Morisi badala ya za kampuni ya Dar hakukutoi mikononi mwa TRA. Umiliki wa mwisho ukibadilika kwa zaidi ya 50% ndani ya miaka mitatu, kampuni ya Tanzania inahesabiwa kana kwamba imeuza mali zake na kuzinunua upya, na kodi inaidondokea yenyewe. Mnunuzi mwenye mwanasheria mzuri atazuia sehemu ya bei kwa sababu hiyo, kwa hiyo jadilini nani anabeba kodi hiyo kabla ya kusaini.

Ukiamua kuifunga

Usiiache ife yenyewe. Ada inaendelea kuhesabika, faini zinajilundika, leseni inafutwa kwa jina lako, na ombi lako lijalo litaanza na doa hilo. Andaa hesabu za mwisho, wasilisha ritani ya mwisho, lipa MRA na upate uthibitisho kwamba hakuna deni, funga akaunti baada ya kugawa kilichobaki, arifu FSC, kisha msimamizi aombe kampuni iondolewe kwenye rejista. Ifanye kabla ya 30 Juni usije ukalipia mwaka mwingine mzima. Vitabu na mihtasari vihifadhiwe miaka saba baada ya hapo. Andikiana na msimamizi nani anavitunza na kwa bei gani.